Xaxa haina hatia, chunga herufi h

Kila mwalimu wa Kiswahili ana orodha yake ya vifupisho vinavyomtia kichefuchefu. Juu kabisa utaikuta "xaxa", yaani sasa, halafu "cjui", "2po", "m2 wangu" na "uck mwema". Wazazi wana orodha hiyohiyo, wahariri pia. Vijana wanaua lugha, inasemwa, na ushahidi unaotolewa ni hizo x na tarakimu zilizopachikwa katikati ya maneno.

Tuweke uzuri pembeni kwanza, tupime kwa kipimo kimoja: je, msomaji anaweza kuelewa kinyume? Kwa kipimo hicho orodha inageuka juu chini. "Xaxa" haina maana ya pili. "Cjui" hakuna anayeisoma "najua". Meseji inayoingiza watu hasara mara nyingi ni ile inayoonekana safi kabisa, haina x wala tarakimu: "Nimeongea na mteja, kesho atalipa." Mwandishi alikusudia "hatalipa". Herufi moja imedondoka, na hakuna alama yoyote inayoonyesha kwamba imedondoka.

Vitufe na nafasi 160

Sura ya vifupisho hivi iliamuliwa na simu za vitufe. Kitufe kimoja kilibeba herufi tatu au nne: 2 ina abc, 4 ghi, 6 mno, 7 pqrs, 8 tuv, 9 wxyz. Herufi s iko ya nne kwenye kitufe cha 7, kwa hiyo kuipata unabonyeza mara nne. Herufi x iko ya pili kwenye kitufe cha 9, unabonyeza mara mbili tu. Hesabu sasa: "sasa" inataka mibonyezo 10, "xaxa" inataka 6. Neno lina urefu uleule, herufi nne kwa nne, lakini kidole kimepumzika. Kwa Kiswahili, lugha iliyojaa s (sana, sawa, sisi, sema, sikia), akiba hiyo haikuwa ndogo.

"C" ilifanya kazi kubwa zaidi. Jina la herufi hiyo kwa Kiingereza linasikika "si", na "si" ndiyo silabi ya ukanushi wa nafsi ya kwanza. "Sijui" ni mibonyezo 13 na herufi tano. "Cjui" ni 9 na herufi nne. Hapo kidole kimepona na nafasi imepona.

Tarakimu 2 inashangaza kidogo. Kwenye simu nyingi ilikuwa nyuma ya a, b na c, kwa hiyo unabonyeza mara nne au unakishikilia kitufe mpaka itokee. "Mtu" ni mibonyezo minne. "M2" ni mitano. Sasa faida iko wapi? Iko sehemu mbili. Kwanza t na u zinakaa kitufe kimoja, cha 8, na ukishaandika t ulilazimika kusubiri kiashiria kisogee ndipo uandike u. Pili, umepunguza herufi, na herufi zilikuwa na bei.

Bei hiyo ilitokana na uhandisi. SMS moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Alfabeti ya msingi ya simu hutumia biti 7 kwa kila herufi, na 1,120 ukigawa kwa 7 unapata 160. Kikomo hicho kilipendekezwa na Mjerumani Friedhelm Hillebrand mwaka 1985, miaka saba kabla ya SMS ya kwanza, ambayo ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Nafasi na nukta nazo zinahesabiwa. Ukivuka 160 simu inakata ujumbe vipande, na kila kipande kinatumia nafasi saba kwa taarifa za kuviunganisha, kinabaki na 153. Enzi za kulipia kila meseji moja moja, kabla ya vifurushi, herufi ya 161 ilikuwa na maana ya kulipa mara mbili. Kwa Kiswahili, chenye maneno kama "nitakapokutembelea", hesabu hiyo ilibana haraka.

Leo mazingira hayo hayapo. WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, haikubani kwa nafasi 160, na simu ya kioo inatoa s kwa mguso mmoja. Kwa hiyo "xaxa" ikiandikwa leo haiokoi chochote: ni pambo, namna ya kuonyesha rika. Wanaoicheka wanacheka nguo. "C" na "2" bado zinafupisha, ndiyo maana hata watu wazima ofisini, ambao hawawezi kuandika "xana" hata kwa bakora, utawakuta wakiandika "2taongea".

Konsonanti zinapobaki peke yake

Njia ya pili ni kuondoa irabu: kbs, lkn, mbn, jmn, ww, mm, nn, vp. Kiswahili kinaivumilia njia hii kwa sababu silabi zake karibu zote huishia na irabu. Ukiondoa irabu, kila konsonanti iliyobaki inasimama badala ya silabi nzima, kwa hiyo hata asiyelijua neno anajua lina silabi ngapi. "Kbs" ni silabi tatu, "lkn" tatu, "mbn" mbili kwa sababu mb hutamkwa pamoja. Irabu zetu ni tano tu. Silabi tatu zinaweza kujazwa kwa njia 125, lakini karibu zote si maneno: kwa l-k-n, akili inafika "lakini" kabla hujamaliza kuhesabu.

Pale maneno mawili yanapogombea mifupa ileile, watumiaji wamegawana bila kikao. "Nn" imechukuliwa na "nini", ndiyo maana "nani" huandikwa "nan". "Ss" bado ina ugomvi: kuna wanaoisoma "sasa" na kuna wanaoisoma "sisi", na wa kundi la pili wengine wamehamia "cc", ambayo nayo katika barua pepe ni nakala na kwa fundi wa pikipiki ni ukubwa wa injini. "Bd" ni "bado", na kwa wengine ni siku ya kuzaliwa. "Cm" ni "simu", lakini fundi cherehani akikuandikia "ongeza cm 2" anazungumzia utepe.

Hayo yote ni maneno yanayosimama peke yake, na hatari yake ni ndogo kwa sababu sentensi inayobaki inakuokoa. Mambo hubadilika mtu anapokinyoa kitenzi irabu. Kitenzi cha Kiswahili kimepakiwa mbele: nafsi, ukanushi, wakati na mtendewa vyote vinakaa kabla ya mzizi, na tofauti yao mara nyingi ni irabu moja. Chukua "nmlp". Inaweza kuwa "nimelipa", kazi imekwisha. Inaweza kuwa "namlipa", ninamlipa sasa hivi. Inaweza kuwa "nimlipe", naomba ruhusa yako. Mhasibu akipokea "nmlp Juma" kutoka dukani, ana hali tatu tofauti za fedha ndani ya herufi nne. "Ntkp" ni "nitakupa" au "nitakopa", na anayedai na anayedaiwa kila mmoja ataisoma anavyopenda. "Htk" ni "hataki" au "hutaki". "Hmjui" ni "humjui" wewe peke yako au "hamjui" nyote, au yeye ndiye hamjui mtu huyo.

Wanaofupisha vizuri wanalijua hili kwa hisia hata kama hawajawahi kufundishwa. Angalia wanachoandika: "nmefka", "ntakupgia", "alinambia", "2mekubaliana". Wanakata i ya "ni-" kwa sababu n peke yake mwanzoni mwa kitenzi bado inasomeka mimi. Wanakata irabu za mzizi, kwa sababu "pgia" hakuna atakayeikosa. Lakini me, ta, li na ku zinabaki nzima. Ukitaka kanuni ya kumfundisha mtoto au karani mpya, ni hiyo: nyoa mzizi, uiache silabi ya wakati na ya mtendewa.

Kuna mtego mdogo hapo. Ukishakata "nimefika" ikawa "nmefika", umeiweka n mahali ambapo m pia ni neno halali. "Mmefika" ni ninyi. M na n zilikuwa kitufe kimoja kwenye simu za zamani, na kwenye kibodi ya simu za kioo zimekaa bega kwa bega. Meseji ya "mmefika salama" kutoka kwa mtu aliyesafiri mara nyingi ni taarifa iliyoteleza ikawa swali. Anayesafiri usiku aandike "nimefika", herufi nane, watu walale.

Herufi h

Sasa tufike kwa mkosaji mwenyewe. Kudondosha h kunaanzia mdomoni: wasemaji wengi wa mijini na wa bara husema "apa", "ata", "iyo", "uyu", na wanaandika wanavyosema. Kwa viashiria na viunganishi hakuna madhara. "Ata mimi" inaeleweka. Madhara yako kwenye ukanushi, na hata huko hayako kila mahali, ndiyo maana watu hawayaoni mpaka yawafike.

Kikanushi chetu ni "ha-". Kikikutana na nafsi nyingi kinabaki silabi kamili: ha-tu, ha-m, ha-wa, ha-i, ha-vi. Ukidondosha h ya "hatutalipa" unapata "atutalipa", neno ambalo haliko, na msomaji anarekebisha mwenyewe. Lakini "ha-" ikikutana na a- ya yeye, irabu mbili zinamezana na kuwa "ha". Ikikutana na u- ya wewe inakuwa "hu". Kwa nafsi hizo mbili tu, kilichobaki cha ukanushi mwanzoni mwa kitenzi ni herufi h peke yake.

Wakati uliopo una kinga nyingine: kitenzi hubadilika mwisho. "Halipi" ikiandikwa "alipi" bado ni kukanusha, kwa sababu ya ile i ya mwisho. Wakati uliopita una kinga ya ku: "hakulipa" ikawa "akulipa" haiwezi kuchanganywa na "alilipa". "Hajalipa" inalindwa na ja. Wakati ujao hauna kinga yoyote. "Atalipa" na "hatalipa" zinaishia a, zina ta ileile, na zikipoteza h zinakuwa neno moja. Vivyo hivyo "utapata" na "hutapata", "angekuja" na "hangekuja". Jozi nyingine mbili zina udhaifu huohuo na zinatumika kila siku: "ana" na "hana", "una" na "huna". "Daktari anasema ana sukari" na "daktari anasema hana sukari": mgonjwa yuleyule, kipimo kilekile.

Kosa linakwenda pande zote mbili. Anayejua kwamba anadondosha h huanza kuzipachika zisipotakiwa: "hatakuja saa nne" kwa maana ya atakuja, "hana watoto watatu" kwa maana ya anao. Kwa hiyo ukimjua mwandishi wako ni wa aina hiyo, hata h iliyopo usiiamini.

Dawa iko ndani ya lugha, na haigharimu nafasi. Unapokanusha jambo la baadaye, tumia wakati uliopo, kama tunavyofanya tukizungumza: "haji kesho", "halipi mwezi huu", "hupati leo". Hata h ikidondoka, i ya mwisho inasema hapana. Kwa "hana", ongeza neno la kuthibitisha: "hana kabisa", "hana hata mia". Na kama wewe ndiye msomaji mwenye mashaka, usirudishe neno lilelile na alama ya kuuliza. "Atalipa?" itajibiwa "ndyo", na ndiyo hiyo itakuwa inakubali kile alichokusudia yeye. Uliza kwa vitenzi visivyofanana: "Analeta pesa au haleti?"

Hapa ndipo "c" inayochekwa inapostahili heshima kidogo. "Ctalipa" haiwezi kugeuka "ntalipa" kwa bahati mbaya. Ukanushi umepewa herufi yake, inaonekana kwa mbali, na haifanani na kitu kingine mwanzoni mwa kitenzi. Kama kungekuwa na herufi ya namna hiyo kwa yeye na kwa wewe, nusu ya kesi za "ulisema atalipa" zisingefika kwa mjumbe.

Tarakimu na lugha yake

Tarakimu katika meseji husomwa kwa sauti, lakini kwa lugha ipi? "2" husomwa kwa Kiingereza ikatoa "tu": 2po, wa2, k2, ye2. "7" husomwa kwa Kiswahili ikatoa "saba": 7bu, kwa7bu. "1" nayo ni ya Kiswahili: pa1. Kwa hiyo "2ko pa1" ina tarakimu mbili na kila moja imesomwa kwa lugha tofauti, na hakuna anayekwama. Ukivuka kwenda Uganda, "M7" ni Museveni, ambapo saba imerudi kuwa ya Kiingereza.

Ukiwasiliana na ndugu wa Goma, Bukavu au Lubumbashi, funguo zinabadilika tena. Kifaransa kimekaa chini ya Kiswahili chao cha simu: "slt" na "bjr" ni salamu, "stp" ni tafadhali, na "mdr" ni kicheko, ndugu wa LOL. Mbili yao inaweza kusomwa kwa Kifaransa: "2main" ni kesho. Ndugu wa Maskati au Dubai wanatumia desturi ya Waarabu ya kuandika kwa herufi za Kilatini: 7 ni ha nzito ya "mar7aba", 3 ni herufi ain. Saba moja, usomaji wa aina tatu. Namna ya kuamua ni kutazama herufi zinazoigusa: ikifuatiwa na "bu", ni sababu, ikiwa katikati ya neno la Kiarabu, ni h.

Tatizo halisi ni 2 inaposimama peke yake, kwa sababu "tu" ni neno kamili. "Njoo 2" ni njoo bila wasiwasi, au njoo saa mbili, au wawili waje. "Tuonane 2." "Lete mayai trei 2": trei mbili, au trei basi na si mayai ya kuhesabu? Sokoni kosa hili hutokea kila siku na huishia kwenye mabishano ya nauli ya bodaboda. Penye bei, idadi au saa, "tu" iandikwe kwa herufi zake mbili. Hakuna kifupisho kinachookoa kidogo na kuharibu vingi kama hiki.

"M2" ni mtu, lakini kwenye tangazo la kiwanja m2 600 ni mita za mraba, na ukigeuza ikawa 2m ni milioni mbili. "K" mwishoni ni elfu: 50k ni elfu hamsini, Nairobi na Dar es Salaam sawasawa, ila shilingi si ileile. Anayefanya biashara Namanga au Sirari aandike Ksh au Tsh mbele ya namba, kila mara, hata kwa mteja wa miaka kumi.

Saa zina utata wake wa zamani ambao meseji imeuchochea. Ukiona "saa" mbele na asubuhi, mchana, jioni au usiku nyuma, hiyo ni saa ya Kiswahili: "saa 2 ucku" ni 20:00. Ukiona am au pm, ni saa ya Kizungu, hata kama sentensi nzima ni ya Kiswahili. Ukiona namba peke yake, "tukutane 8", muulize, hasa kama yuko London au Toronto, kwa sababu watoto waliokulia huko wengi husoma nane kuwa nane ya kwenye uso wa simu. Kuandika 14:00 au 20:00 kunamaliza ubishi.

Herufi za mwanzo

Vifupisho vya Kiingereza vya herufi za mwanzo vinajadiliwa sana kuliko vinavyostahili. Vingi vimezoeleka, na vingine ni vya zamani kuliko simu zenyewe: OMG iko kwenye barua ambayo Admirali John Fisher alimwandikia Winston Churchill mwaka 1917. Kukosea navyo hakuchagui cheo. Mwaka 2012 uchunguzi wa hadhara kuhusu magazeti ya Uingereza uliambiwa kwamba Waziri Mkuu David Cameron alikuwa akimalizia meseji zake kwa LOL akiamini ni salamu za upendo, kumbe ni kicheko. Mtu akiandika LOL chini ya taarifa ya msiba, fikiria kosa hilo kabla hujakasirika.

Kwetu shida ni kugongana na vyeo na majina. OCD mitandaoni ni ugonjwa wa akili wa mawazo na matendo ya kujirudia; Tanzania ni mkuu wa polisi wa wilaya. JK kwa Mmarekani ni "natania". Kwa Mtanzania ni Kikwete. DP ni picha ya wasifu, na Kenya ni Naibu Rais. "Njoo PM" ni njoo kwenye ujumbe wa faragha, haina uhusiano na Waziri Mkuu. Na "nkt" ya Wakenya, ambayo wengi hudhani ni herufi za mwanzo za maneno fulani, haifupishi neno lolote: ni sauti ya kusonya iliyoandikwa. Watanzania huiandika "mxiiiu" au kitu cha karibu na hapo, kulingana na hasira.

Kikato cha Chang'ombe

Kikomo cha 160 kimesahauliwa na wengi, lakini kwa anayetuma SMS za pamoja bado kinatoza. Kamati za harusi, shule, saccos, misikiti na makanisa hulipa kwa kipande. Kiswahili kina bahati: hakina herufi yenye alama juu au chini, hivyo ujumbe wake wote unaingia kwenye alfabeti ya biti 7. Isipokuwa kwenye ng'.

Ukiandika "Chang'ombe" kwa simu, kikato chake ni kile kilichonyooka, na hicho kimo kwenye alfabeti. Ukiandika tangazo kwenye programu ya kompyuta ndipo ulinakili, programu mara nyingi imeshakipinda kikawa kama mkia wa koma. Kikato kilichopinda hakimo. Mfumo ukikutana na alama moja tu isiyomo, unaugeuza ujumbe mzima kuwa wa biti 16 kwa herufi, na 160 inashuka kuwa 70. Ukikatwa vipande, kila kipande hubeba 67. Emoji hufanya vivyo hivyo. Mifumo mingine hukinyoosha kikato yenyewe, mingine haifanyi hivyo.

Pesa yake ni hii. Kamati ina watu 300 na ujumbe wa herufi 150 kuwakumbusha ahadi zao. Kwa kikato kilichonyooka ni vipande 300. Kwa kikato kilichopinda, au kopa moja la moyo mwishoni, kila ujumbe unahitaji vipande vitatu, jumla 900. Kabla ya kubonyeza tuma, tazama kihesabu cha mfumo: ukikuta ujumbe mfupi unahesabiwa vipande viwili au vitatu, tafuta kikato, emoji, alama za nukuu zilizopinda na kistari kirefu, vifute, uviandike upya kwa mkono. Mabano ya mraba na ya mawimbi yanaruhusiwa lakini kila moja huhesabiwa mara mbili. Na katika ujumbe wa pamoja usifupishe kitenzi hata kidogo. Ukibanwa na nafasi, kata salamu ndefu ya mwanzo.

Mkono wa mwandishi

Mtu na vifupisho vyake hukaa pamoja miaka mingi. Kuna anayeandika "lkn" na kuna "lakn". Kuna "nmefka" na kuna "nimefk". Kuna anayeacha nafasi baada ya 2 na kuna asiyeacha. Uingereza jambo hili liliwahi kufika mahakamani: katika kesi ya mauaji iliyoamuliwa mwaka 2008, mtaalamu wa isimu Malcolm Coulthard alilinganisha meseji zilizotumwa kwa simu ya msichana aliyepotea. Msichana alizoea kubana 2 katikati ya maneno bila nafasi. Meseji za baada ya kupotea kwake ziliacha nafasi, na zilifanana na za mshtakiwa, ambaye alitiwa hatiani.

Kwa matumizi ya nyumbani hiyo ni kinga rahisi. Simu ikiibwa au akaunti ikitekwa, tapeli ana jina na picha ya ndugu yako, lakini mara nyingi hana mkono wake. Mdogo wako ambaye siku zote huandika "bro nckie, nmekwama" akikuandikia ghafla "Kaka, ile hela tuma kwenye namba hii" kwa herufi kubwa na koma mahali pake, panda juu kwenye mazungumzo ya zamani, linganisha maneno matatu anayoyatumia kila mara, kama sawa, lakini na sasa, kisha mpigie umsikie sauti. Asipopokea, mwandikie kwa kifupisho mnachokijua ninyi wawili tu na usubiri atakavyokijibu.